Nani Atabaki na Mafuta

Kwanza nilisikia kijiko. Kiligonga ukingo wa sufuria mara tatu, ngo, ngo, ngo. Pakawa kimya kidogo, kisha mafuta yakalia shaaa, kama mvua yetu ya Bukavu inapopiga mabati ya jirani kabla haijafika kwenye ya kwako. Nilikuwa nimesimama barazani kwenye nyumba ya wazee, kule Nguba, kitabu kwapani, nikingoja mtu wa kunipokea. Hakutoka mtu. Lakini wazee waliokuwa wakisinzia vitini waliinua pua zao mmoja baada ya mwingine, na bibi mmoja kipofu akasema kwa raha:

"Aaah. Bamefika."

"Nani, Koko?" nikauliza.

"Batu ya kermesse," akasema, akashangaa kwamba mimi mwenye macho siwaoni.

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu mpishi wa nyumba ile: kwa sikio, halafu kwa pua, na kwa macho mwisho kabisa. Baadaye niligundua kwamba hata yeye sherehe ile ya parokia, kermesse, aliifahamu kwa njia hiyohiyo, ila kwake zamu ya macho haikuwa imefika.

Jina lake sitalitaja, na nadhani asingejali. Mwaka ule Zaire nzima ilipobadilishiwa majina, karani wa zone, ofisi ya wilaya, alimuuliza jina lake jipya ni lipi. Yeye akamjibu, "Andika Mupishi. Mafuta haibadilishake jina." Karani, ndani ya koti lake jipya la abakosi lililombana shingo, alicheka mpaka kifungo kikakatika.

Niseme ukweli mapema: alikuwa mpishi mbaya. Maharagwe yake yaliiva upande mmoja. Sombe yake, kisamvu chetu, ilikuwa na mchanga. Bugali wake ulitoka sufuriani na mabonge, na mzee mmoja wa Walungu, aliyekuwa mchunga ng'ombe tangu utoto, aliugonga kwa kidole kila mchana kabla ya kuomba baraka.

"Maman, hii tunakula ao tunajenga?"

"Kula kwanza, Papa. Yenye itabakia utajenga."

Watawa walimvumilia kwa sababu mbili. Hakuibia nyumba hata punje ya chumvi. Hiyo ilikuwa ya kwanza. Ya pili ilikuwa Alhamisi.

Alhamisi alikaanga beignets, maandazi ya duara. Sijui mkono uleule ulioharibu maharagwe ulipata wapi akili ile. Unga, chachu, sukari kidogo, maji ya vuguvugu aliyoyapima kwa kiwiko kama mtu anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Zilitoka nyekundu, nyepesi, tupu katikati. Ukiuma, mvuke unakupiga puani. Wazee wasio na jino hata moja walizila. Alikuwa haonji hata moja mwenyewe. Alisema beignet hutambuliwa kwa sauti: ikiwa mbichi inanung'unika, ikiiva inanyamaza.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini, na kikundi cha wanafunzi Wakatoliki kilinituma niwasomee wazee kila Alhamisi alasiri. Nilikuja na kitabu kinene cha Kifaransa, nikiamini kwamba sentensi nzuri inaweza kumfufua mtu. Ukurasa wa pili walikuwa wanakoroma. Alhamisi ya tatu mpishi alitoka jikoni, mikono myeupe kwa unga, akaishika kiunoni kama askari, akanisikiliza hadi mwisho wa sura. Kisha akasema bila ubaya wowote:

"Mademoiselle, kitabu yako iko muzuri. Lakini haina harufu."

Akarudi jikoni, akaja na kikapu.

Ndani ya kikapu mlikuwa na vitu ambavyo mtu mwingine angevitupa. Kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi mpaka kikawa cheusi. Kipande cha gunia. Kipande cha sabuni ya manjano. Jani la tumbaku. Chupa ndogo yenye masalia ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Filimbi ya bati. Majani ya mkaratusi, aliyoyaponda kwanza kiganjani. Sheria yake ilikuwa moja: macho yafumbwe. Kitu kinapita kutoka mkono hadi mkono, kuanzia kulia, na aliye nacho ndiye mwenye neno. Anayefungua macho anakosa beignet.

"Na miye kipofu?" bibi aliuliza siku ya kwanza.

"Weye unapata mbili. Hauwezi kuiba na macho."

Mungu wangu, jinsi walivyoamka! Bibi alishika gunia, akalisugua shavuni, akaanza kutetemeka kwa kicheko. Alisema aliwahi kushinda mbio za magunia kwenye kermesse akiwa na mimba ya miezi mitano. "Bwana yangu hakujua, Padri hakujua. Mutoto njo alijua, alirukaruka pamoja na miye." Mzee wa Walungu alizamisha pua ndani ya kibuyu na kukaa humo muda mrefu hivi kwamba tulidhani amelala. Alipoitoa, machozi yalikuwa yanashuka, naye anatabasamu. Alieleza jinsi walivyowateremsha ng'ombe usiku kucha kutoka Walungu ili waonyeshwe kwenye kermesse wakiwa wamepakwa siagi kwenye pembe zao, na jinsi dume lake lilivyoingia kanisani katikati ya mahubiri na kusimama mbele ya altare, likitafuna polepole.

"Juma iliyopita ulisema ilikuwa mbuzi," mpishi akamkumbusha.

"Juma iliyopita haukuniletea kibuyu."

Mimi nilikaa sakafuni na kitabu changu kimefungwa mapajani. Nilitaka kuwa mwandishi kuliko nilivyotaka kuolewa, na pale, mbele ya kipande cha sabuni, nilianza kujifunza kuandika.

Kulikuwa na mzee mmoja ambaye hakushika kitu. Aliletwa na mashua kutoka Kalehe, miezi minne kabla yangu, na tangu siku aliyoshuka hakuwa amesema neno. Alikula, alilala, aliwapa watawa mkono wa salamu. Ma Mère, mtawa mkuu wa nyumba, alishaanza kusema kwamba mzee yule ni mgonjwa wa kichwa na inafaa apelekwe kwingine. Mpishi alimpitishia kikapu kila Alhamisi, akakisimamisha mapajani mwake, akahesabu mpaka kumi kimoyomoyo, akakiondoa. Hakumbembeleza. "Mafuta ya baridi," alisema, "ukitia beignet, inakunywa mafuta tu. Unangoja."

Alhamisi moja alikaanga sambaza. Ziwa letu lilikuwa limeanza kutoa wale dagaa wadogo miaka michache tu nyuma, na mji mzima ulikuwa umewapenda; harufu yao ilitanda kila kona yenye jiko la makaa. Mpishi aliweka wachache kwenye sahani, akawapitishia wazee waliofumba macho, akasema kwa sauti yake ya kutangaza:

"Njo hii sasa! Kermesse ya zamani, wakati yenu, batu ya Kalehe banashuka na mitumbwi, na harufu ya sambaza—"

"Bongo! Uongo!"

Tulifumbua macho karibu wote. Mzee wa Kalehe alikuwa amesimama. Sijawahi kuona hasira nzuri kama ile.

"Bongo mutupu! Wakati yetu sambaza haikukuwa! Hakuna hata moja mu ziwa! Tulileta kambale, kambale ya kukausha, munene hivi, na tilapia ya chumvi. Nani alikuambia sambaza? Weye uliona wapi?"

Mzee wa Walungu, macho bado yamefumbwa kwa kuogopa kukosa beignet yake, akasema, "Iko nasema kweli. Sambaza ni ya juzi."

Yule wa Kalehe hakuketi. Miezi minne ya maneno ilimtoka alasiri ile: majina ya mitumbwi, bei za kambale, mwanamke aliyemuuzia chumvi akamchekea, wimbo wa wapiga makasia. Ma Mère alikuja mbio akidhani kuna ugomvi, akasimama mlangoni, mkono kwenye msalaba wake. Hakusema tena habari ya kumpeleka kwingine.

Mpishi alibaki na sahani yake ya kosa mkononi, uso umeng'aa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu ya tombola. Lakini baadaye jikoni, nikimsaidia kusugua sufuria, mng'ao ule ulikuwa umemtoka.

"Anasema kweli, yule muzee," aliniambia. "Miye nilionea wapi?"

Ndipo akanieleza. Mama yake alikuwa mkaangaji wa kermesse, na yeye baada ya mama yake. Tangu akiwa mtoto wa kufika kiunoni kwa mtu mzima, kila mwaka, siku nzima, alikaa nyuma ya ua wa matete waliouzungushia jiko ili upepo usiuzime moto na watoto wasije wakaungua. Beignets zilitoka kupitia tundu dogo kwenye matete. Mikono iliingia, ikatoka. Yeye alisikia fanfare ya matarumbeta, alisikia ng'ombe, alisikia watu wakipiga kelele. Alinusa kila kitu kilichopita. Alipotaka kutoka akaone, mama yake aliuliza swali moja tu: nani atabaki na mafuta? Mama alipofariki, aliendelea kujiuliza mwenyewe.

"Mafuta haibakiake yenyewe, mademoiselle. Ukiyaacha, inaunguza nyumba ya mutu."

"Hata mara moja, Maman? Hukuwahi kuchungulia hata mara moja?"

"Nilichungulia. Nikaona mukono ya mutu iko naomba beignet."

Alicheka, nami nikacheka, ila usiku ule nilishindwa kusoma. Mtu aliyewarudishia wengine sherehe yao hakuwahi kuiona yake.

Zaidi ya yote alitaka kujua habari ya nguzo. Katika kila kermesse walisimamisha mti mrefu wa mkaratusi, wakaumenya, wakaupaka sabuni na mafuta ya mawese, na vijana wakashindana kuupanda ili wachukue kilicho juu. Alijua sauti zake zote: mlio wa suruali ikiteleza, kicheko cha wanawake, halafu, mara moja kwa mwaka, ukelele ule mkubwa ambao, alisema, ulikuwa unafanya mafuta yatikisike ndani ya sufuria. Mtu amefika. Lakini amefika kwenye nini? Kuna nini kule juu?

Aliwauliza wazee. Ndiyo sababu kipande cha sabuni hakikukosa kikapuni.

"Shati," alisema mzee wa Walungu.

"Chumvi," alisema bibi. "Mufuko muzima ya chumvi. Bwana yangu njo aliniambia."

"Sahani ya malata, ya bati," alisema mwingine.

Waligombana hadi jua likazama, na juma lililofuata wakaanza upya. Mpishi alisikiliza akiwa ameshika kijiko hewani kama anayengoja beignet inyamaze.

Alikuwa na vituko vyake. Aliimba nyimbo za chama zilizopigwa redioni, lakini maneno aliyabadilisha yote yakawa ya vyakula, mpaka mgeni mmoja wa serikali alipotembelea nyumba akatikisa kichwa kufuata mdundo, hajui anasifiwa nani: kiongozi au kabichi. Aliogopa ziwa, ingawa alizaliwa akiliona. Alisema maji mengi hivyo hayana mtu wa kuyaangalia. Aliwagombeza wazee kama watoto, na mmoja akifa alivaa kitenge chake kizuri wiki nzima jikoni, akakichafua kwa masizi makusudi, "ili huko ajue nilikuwa kazini." Alikuwa mbishi. Mchoyo alikuwa kwenye kitu kimoja tu, na kitu hicho ni kijiko chake cha kukaangia, chenye mpini uliochongwa upya mara nyingi. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Nilijaribu mara moja. Alinipiga kofi mkononi.

Kisha ikaja Jumapili ya kermesse. Uwanja wa parokia ulikuwa juu kidogo ya nyumba, na baada ya misa fanfare ilianza. Ngoma kubwa iliteremka kilimani hadi barazani kwetu. Nilikuwepo. Niliona bibi kipofu akisimama. Niliona mzee wa Walungu akichukua fimbo. Yule wa Kalehe alikuwa tayari langoni, kofia kichwani, anatingisha kufuli.

Ma Mère hakuwa amerudi kutoka kanisani. Funguo zilikuwa jikoni.

Mpishi alitoka, akajifuta mikono, akafungua lango.

"Muende pole pole," alisema. "Mademoiselle, shika Koko. Weye Papa wa Kalehe, usikimbie, hauna mitumbwi huku."

"Na weye?" yule mzee akamuuliza.

"Beignets bado."

"Kwani beignets ni mutoto? Kuya, twende!"

"Nani atabaki na mafuta?"

Mzee alivuta kofia yake mbele. Kisha tukapanda, watu tisa na fimbo saba, tukipumzika kila hatua ishirini, bibi akituongoza kwa pua yake kama mbwa wa mwindaji: "Hapa mushikaki. Hapa tumbaku. Hapa mutu hakuoga." Watu walitupisha. Kijana mmoja alimwachia bibi gunia, naye, akiwa ameshikwa huku na huku, akaruka mara tatu, akadai zawadi.

Na nguzo niliiona. Kileleni palikuwa na gurudumu la baiskeli lililolazwa kama kofia, na kuzunguka gurudumu lile walikuwa wamening'iniza kila kitu: shati, mfuko wa chumvi, sahani ya malata, sabuni, hata sufuria ndogo iliyokuwa ikimeta juani. Wote walikuwa wamesema kweli. Kila mmoja alikuwa na kipande chake. Kijana mwembamba wa Kadutu alipofika juu na kulishika gurudumu, ukelele uliotoka ulinifanya nilie, na niliifikiria sufuria moja kule chini, yenye mafuta yanayotikisika.

Mzee wa Kalehe alitukusanya kabla hatujashuka. Alikuwa ameshinda kuku kwenye tombola na alimshika kwapani kama gazeti.

"Kitu ya juu ya nguzo," alisema, "mutu asimuambie Maman. Hata mumoja."

"Lakini, Papa, ni kitu anachokitaka kuliko vyote," nikasema.

"Njo maana. Tukimuambia, atabakia na mafuta mpaka kufa."

Ma Mère alikuwa langoni anatungoja, na mpishi kando yake, ameshika kijiko chake.

"Nani aliwafungulia?"

"Miye, Ma Mère."

"Unajua wangeweza kuanguka? Unajua naweza kukuachisha kazi?"

"Ndiyo, Ma Mère. Lakini batakula wapi maharagwe mubaya hivi?"

Ma Mère aliuma mdomo, lakini kicheko kilimshinda, na alipocheka tukajua kazi imebaki. Mzee wa Kalehe akampa mpishi kuku.

"Ni yako. Na nguzo niliiona."

"Kuko nini juu? Sema!"

"Sisemi."

"Papa!"

"Panda uone."

Alimsihi mwaka mzima. Alimwahidi beignets tatu, nne. Alimpa kibuyu kabla ya zamu yake. Mzee alikula beignets na kunyamaza, sasa kwa hiari yake na kwa furaha kubwa. Alifariki msimu wa mvua uliofuata bila kusema. Mpishi alivaa kitenge chake kizuri wiki nzima, na nilimsikia akiongea na sufuria: "Muzee mubaya, mubaya sana, ameenda nayo."

Mimi nilikwenda masomoni Lubumbashi. Miaka sita nilimbeba mdomoni. Kila nilipoandika sentensi nilijiuliza kama ina harufu.

Niliporudi, aliishi na binti yake kwenye nyumba ndogo ya mbao karibu na uwanja wa parokia. Nilichagua siku ya kermesse makusudi. Nilikuja na kikapu: kibuyu, gunia, sabuni, chupa ya kasiksi. Nilijiona nina akili sana. Kabla sijabisha hodi nikasikia ngo, ngo, ngo, kisha shaaa.

Alikuwa amekonda na goti moja lilikataa kukunjika, lakini alikuwa kwenye kigoda chake mbele ya sufuria ileile. Wajukuu walichukua beignets mlangoni kwa beseni na kukimbia nazo kermesse. Fanfare ilikuwa inapiga. Mbao za ukuta zilitetemeka.

"Mademoiselle wa kitabu! Umenenepa. Njo vizuri."

Tulisalimiana mpaka beignets nne zikaungua. Kisha nikaketi, nikafungua kikapu, nikamwekea sabuni kiganjani, nikasema kwa sauti yake mwenyewe ya kutangaza: "Sasa, Maman, fumba macho."

Aliitazama sabuni. Aliigeuza. Huko nje watu walianza kucheka kicheko cha wanawake wanaoona suruali ikiteleza.

"Hapana," alisema.

"Maman?"

"Nilifumba macho maisha yote, mademoiselle. Nimechoka kufumba."

Akanirudishia sabuni. Akasimama kwa kushika ukuta, akaenda nyuma ya pazia, na aliporudi alikuwa na kitenge kizuri, kile kile, masizi yamefuliwa hata yamebaki kivuli. Nilisimama haraka kumshika mkono.

"Twende, nitakusindikiza."

"Weye? Weye unaenda wapi?"

Alitazama sufuria. Mafuta yalikuwa yanachemka taratibu, beignets sita zikinung'unika. Nami nikamwelewa, nikaketi kwenye kigoda, kingali na joto lake. Akaniwekea kijiko mkononi. Mpini ulikuwa laini kama mfupa, na ulinifaa.

"Ikinyamaza, unatoa," alisema. "Usisome."

"Sisomi."

"Na mutu asikuambie juu kuko nini."

"Najua tayari, Maman."

"Eh! Unyamaze basi!" Akaziba masikio kwa mikono miwili, akicheka, akatoka hivyo hivyo, mgongo umenyooka, akiutafuta mlango kwa kiwiko. Mwanga uliingia, na ngoma, na vumbi, na harufu ya kila kitu. Kisha, ili upepo usinizimie moto, akausukuma mlango kwa kisigino, ukafungwa nyuma yake.